JINA NA MWITO WA KIKUNDI CHA BIASHARA: AHADI INAYOKAGULIKA

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa halmashauri za vyama wanachama)



Katika maeneo mengi ya vyama vya msingi kumezuka vikundi ambavyo si vyama vya mazao wala si vyama vya akiba na mikopo. Ni vikundi vya watu wa kazi mbalimbali, wengi wao wakiwa ni wanachama wa ushirika au jamaa zao, ambao hukutana mara moja kwa juma ili wajuane na wapelekeane wateja. Fundi cherehani humwelekeza mteja wake kwa muuza vitambaa. Mwenye duka la pembejeo humtaja mwenye lori. Mwashi humpeleka mwenye nyumba kwa seremala, na mama lishe apatapo kazi ya kulisha harusi huwajulisha wenzake wote watakaohitajika siku hiyo. Kikundi cha namna hii hakikusanyi mazao wala hakikopeshi fedha. Mali yake ni kuaminiana.

Wenye vikundi hivyo huenda kwa katibu wa chama cha msingi kutafuta ushauri, na aghalabu jambo la kwanza wanalouliza si masharti wala daftari, bali ni jina. Baada ya jina huuliza mwito, yaani yale maneno machache yanayoandikwa chini ya jina, ambayo siku hizi huitwa pia kaulimbiu. Wapo wanaolihesabu jambo hili kuwa ni dogo, mfano wa kuchagua rangi ya kupaka nyumba iliyokwisha jengwa. Sivyo. Jina ni ahadi inayotolewa kwa watu ambao bado hawakijui kikundi. Mwito ni ahadi hiyo hiyo iliyosemwa kwa namna ambayo mtu aweza kuidai. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lolote lisiloandikwa vizuri huleta ugomvi. Kwa hiyo yafaa jina na mwito vichaguliwe kwa uangalifu ule ule unaotumika kumchagua mtunza fedha.

WALIOTANGULIA WALIFANYAJE

Historia ya ushirika yenyewe inaanza na jina lililochaguliwa kwa makusudi. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi wa hali ya chini, walichanga pauni 28 na kufungua duka dogo tarehe 21 Desemba. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Walijiita, kwa tafsiri ya Kiswahili, Watangulizi wa Haki wa Rochdale. Katika zama hizo ilikuwa ni kawaida ya wenye maduka wengi kuchanganya unga na vitu visivyoliwa na kupunja katika mizani. Mtu aliyeona neno "haki" katika jina la duka lile aliweza kuipima ahadi hiyo papo hapo, juu ya mizani, kwa macho yake mwenyewe. Hawakujiita matajiri wajao, wala wakombozi wa Uingereza. Walichagua neno ambalo mnunuzi wa ratili moja ya unga angeweza kulihakikisha.

Mfano wa pili unahusu hasa vikundi vya kupelekeana wateja. Tarehe 23 Februari 1905 wanaume wanne walikutana katika ofisi moja mjini Chicago, Marekani. Mwitaji wa mkutano, Paul Harris, alikuwa mwanasheria. Wenzake walikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi, na fundi wa nguo. Waliamua kukutana kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja, na kwa sababu ya zamu hizo wakakiita kikundi chao Rotary, yaani chenye kuzunguka. Baadaye watu waliongezeka hata ofisi zikawa ndogo, na mikutano ikahamia katika mahoteli. Mzunguko uliisha, jina likabaki. Leo jina hilo linajulikana duniani kote, na klabu ya Nairobi imekuwapo tangu mwaka 1930.

Jambo la kuzingatia zaidi ni habari ya mwito wao. Katika miaka ya mwanzo lengo la kwanza lililoandikwa lilikuwa ni kukuza biashara za wanachama, na alikuwapo mtu maalumu wa kuandika hesabu ya kazi ambazo wanachama wamepeana. Kisha mtu mmoja aliyealikwa kujiunga alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kikundi kisichomfaa mtu mwingine ila wanachama wake hakina maisha marefu. Lengo jingine likaongezwa, la kuunufaisha mji mzima, na mwaka 1907 wakaanza kuhimiza mji ujengewe vyoo vya umma. Ilipofika mwaka 1911 maneno yaliyokubaliwa katika mkutano wao mkuu yalikuwa na maana ya kwamba afaidiye zaidi ni yule atumikiaye vizuri zaidi. Maneno mengine, yenye maana ya kuuweka utumishi juu ya nafsi, yalianza kutumika katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1950 miito yote miwili ilifanywa kuwa rasmi, na mwaka 1989 huo wa utumishi juu ya nafsi ukafanywa kuwa mkuu.

Hapa ipo funzo kwa kila kikundi. Mwito wao haukuwapo siku ile ya kwanza, watu wanne walipokaa katika ofisi moja. Kwanza walikutana, wakapeana kazi, wakaandika walichopeana, wakaulizwa swali gumu, wakabadili mwenendo. Ndipo maneno yakapatikana, nayo yakawa ni maelezo ya jambo lililokwisha kuanza kutendwa.

Kikundi kingine cha wafanyabiashara kilianzishwa mjini Detroit mwaka 1915 kwa jina refu la kujikweza, lililowaita wanachama udugu mkuu wa hisani. Kabla mambo hayajakwenda mbali jina hilo liliachwa, likachukuliwa neno fupi, Kiwanis, lililotolewa katika lugha ya wenyeji wa asili wa sehemu zile. Wataalamu hawakubaliani juu ya tafsiri yake halisi, na wanachama wengi hawakuijua lugha hiyo. Hata hivyo jina fupi lilidumu. Hii yaonyesha kwamba si lazima jina lieleze kila kitu. Kazi ya kueleza ni ya mwito, na kazi ya kuthibitisha ni ya matendo.

Hapa Tanzania hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta maneno machache yaliyofanya kazi kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya iliwaingiza watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma. Maneno ni matatu tu. Lakini nyuma ya maneno hayo palikuwa na kitabu, kiongozi wa kikundi, saa ya matangazo, na kazi ya kufanya baada ya matangazo: kufukia madimbwi ya mbu, kufyeka majani, kuchimba vyoo. Mtu aliyetaka kujua kama mwito umetimizwa alitembea kijijini akahesabu vyoo.

JINA LISIAZIME HESHIMA YA WENGINE

Sasa yafaa kuangalia makosa yanayopaswa kuepukwa, na la kwanza ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote.

Neno "ushirika" si neno la kuchezewa. Katika masikio ya mkulima neno hilo lina maana ya mizani iliyokaguliwa, stakabadhi, mkutano mkuu, na Mrajisi anayeweza kudai vitabu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeweka utaratibu wa kuandikisha vyama, na chama hukipata cheo hicho kwa kuandikishwa, wala si kwa kuandika neno juu ya kibao. Kikundi cha kupelekeana wateja kinachojiita "Ushirika" fulani, au kinachoweka jina la chama cha msingi ndani ya jina lake, kinaazima heshima isiyokuwa yake. Tuseme mkulima ameacha magunia yake kumi ya mahindi kwa mfanyabiashara mmoja kwa sababu kibao kimesema "Ushirika". Mfanyabiashara akishindwa kulipa, mkulima hatamfuata yeye. Atakwenda katika ofisi ya chama cha msingi, na chama kitalipa kwa aibu hata kama hakitalipa kwa fedha. Kwa hiyo katibu asikubali kamwe muhuri, anwani au jina la chama litumiwe na kikundi cha namna hii, hata kama mwenyekiti wa kikundi ni mjumbe wa halmashauri. Neno "benki" nalo lina sheria yake, nalo liachwe kwa wenye leseni.

Kosa la pili ni jina au mwito unaoahidi utajiri. Mwaka 2009 Watanzania wengi walipoteza fedha katika mchezo wa upatu ambao ulijivika lugha ya shamba. Kutoa fedha kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Watu waliozoea kungoja mvua na kuvumilia miezi kadhaa hawakuona ajabu kuambiwa wangoje. Maneno mazuri yalifanya kazi ambayo hesabu zisingaliweza kuifanya. Hasara ile iliacha jeraha, na kikundi chochote chenye jina kama "Tajirika", "Vuna Upesi" au "Neema ya Ghafla" kitakimbiwa na watu wenye akili na kukimbiliwa na wenye shida. Wote wawili watakuwa wamedhurika kwa jina tu.

JINA LISIFUNGE MLANGO

Kosa la tatu ni jina linalowafukuza watu kabla hawajabisha hodi. Katika kikundi kilichotajwa cha Chicago, kwa miaka mingi wanachama walikuwa wanaume peke yao, na ule mwito wa mwaka 1911 ulitumia neno la Kiingereza lenye maana ya mwanamume. Wanawake walikubaliwa rasmi mwaka 1989, baada ya shauri lililoamuliwa na Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani mwaka 1987. Lakini maneno ya mwito yalichelewa. Yalibadilishwa mwaka 2004, yakabadilishwa tena mwaka 2010, hata yakawa hayamtaji mwanamume wala mwanamke. Kwa muda wa miaka 15 mwanachama mwanamke aliketi chini ya maneno yasiyomtaja.

Kiswahili hakina shida hiyo ya "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Lakini majina ya vikundi yana njia nyingine za kubagua. Kikundi kinachoitwa "Vijana" kinajiwekea saa. Baada ya miaka 20 ama wanachama wake watakuwa wazee wenye jina la uongo, ama watatoka wote kwa pamoja. Kikundi chenye jina la ukoo, kabila au madhehebu kinamwambia mgeni mwenye duka la dawa kwamba hapa si pake, hata kama masharti yanamruhusu. Jina la mtu aliye hai ni baya zaidi. Mtu huyo akigombana na wenzake, ama akishitakiwa, au hata akihama tu, kikundi kitapoteza jina pamoja naye.

Ipo pia hatari ya upande wa siasa. Neno "Mafiga", kwa mfano, ni zuri, maana figa moja haliinjiki chungu. Lakini "mafiga matatu" yametumika katika kampeni za uchaguzi kuomba kura za rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Neno "Mtandao" nalo laweza kuonekana kuwa linafaa sana kwa watu wanaounganishana, ila wengine watafikiri habari za intaneti, na wengine watakumbuka kambi za uchaguzi. Wateja wa fundi seremala wamo katika vyama vyote, na jina la kikundi lisiwaulize kadi.

Jina la mahali lina faida, kwa kuwa humwonyesha mteja pa kufika. Hata hivyo majina ya mahali hubadilika. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa Bukoba mwaka 1950 kilibeba jina la Bukoba. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera mwaka 1979, na leo chama kikuu cha huko hujulikana kwa jina la KCU (1990), herufi ya kwanza ikiwa ni ya Kagera. Huko Kilimanjaro, KNCU ilianza mwaka 1933, na herufi yake ya pili ni ya neno la Kiingereza la enzi ya ukoloni lenye maana ya wenyeji. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na KNCU ikaandikishwa upya ikiwa na mwaka 1984 ndani ya jina lake. Neno la kikoloni halikuondolewa. Jina lililokwisha zoeleka kwa wakulima na kwa wanunuzi wa ng'ambo laweza kubeba neno lililozeeka bila kudhurika. Kikundi kichanga hakina akiba hiyo ya sifa, kwa hiyo kila neno katika jina lake litasomwa kama lilivyo.

Jambo jingine linalohusu mlango ni kanuni ya kazi moja, mtu mmoja. Vikundi vingi vya kupelekeana wateja huko nje hukubali mwanachama mmoja tu wa kila kazi, ili wasigombee mteja. Ndivyo walivyoanza wale wa Chicago. Ndivyo vilivyo pia vikundi vya BNI, vilivyoanzishwa California mwaka 1985, ambavyo mwito wao una maana ya kwamba watoao hupata. Mswahili hatauona kuwa mgeni, kwani alikwisha sema zamani kuwa mkono utoao ndio upatao. Kikundi kina hiari ya kuifuata kanuni hiyo au kuiacha. Lakini kikiifuata, kisijiite "Umoja wa Wafanyabiashara wa Soko". Soko lina mafundi cherehani wanane, na saba kati yao wako nje ya kikundi. Jina la namna hiyo huwachukua watu wote kwa maneno na kuwaacha kwa vitendo, na wale saba watakuwa na haki ya kulalamika kwa Afisa Biashara.

JINA LITAMKIKE NA LITOFAUTISHE

Majina kama Umoja, Upendo, Amani, Juhudi, Jitegemee na Mshikamano yana maana njema, na kwa sababu hiyo hiyo yamechukuliwa na vikundi vingi mno. Palipo na "Umoja" tatu katika kata moja, mteja atampigia simu mtu asiye yeye, barua itafika kwa wengine, na fedha zitaingia katika akaunti isiyo yake. Kabla ya kuamua, katibu wa kikundi aulize kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kuhusu vikundi vilivyoandikishwa katika halmashauri. Kama shughuli inahitaji jina la biashara, atazame pia kwa BRELA iwapo jina hilo limekwisha chukuliwa. Na ikumbukwe kwamba kuandikisha jina la biashara hakukifanyi kikundi kuwa kampuni, wala hakuwaondolei wanachama madeni yao.

Vifupisho vitumike kwa kiasi. Kifupisho kinachotamkika kama neno moja, kama TAZARA, hukaa kichwani. Lakini mchanganyiko wa herufi nane ambao hata mwenyekiti huusoma akiutazama ukutani haufai. Mtihani ni rahisi: mtu alitamke jina kwa simu mara moja, na mwenziwe aliandike. Akikosea, jina lina kasoro.

Maneno yapimwe pia kwa masikio ya watu wa mahali. "Njia Panda" laonekana kuwa jina zuri la watu wanaokutana kutoka pande mbalimbali, lakini katika mazungumzo mtu aliye njia panda ni mtu asiyejua la kufanya. "Mnyororo" una nguvu ya kuunganisha, ila wengi husikia pingu na utumwa. Neno lisilo na ubaya katika Kiswahili laweza kuwa tusi katika lugha ya mama ya jirani, na hilo hujulikana kwa kuwauliza wazee wa lugha hiyo kabla kibao hakijachorwa.

MWITO UNGOJE DAFTARI

Kuhusu mwito, kanuni kubwa ni hii: mwito ambao mkaguzi hawezi kuukagua ni pambo. "Bora Kuliko Wote" haukaguliki, maana hakuna aliyewapima wote. "Mwisho wa Matatizo" ni uongo mtupu. Benki ya CRDB, ambayo asili yake ni benki ya ushirika na maendeleo vijijini ya mwaka 1984, ilipata kujitangaza kuwa ni benki inayomsikiliza mteja. Maneno hayo yana faida moja kubwa: mteja asiyesikilizwa aliweza kuyarudisha dirishani na kuuliza. Mwito mzuri humpa mteja silaha ya kumdai mwenye mwito, na kikundi kinachoogopa silaha hiyo bado hakijawa tayari kuwa na mwito.

Ukubwa wa maneno nao ulingane na ukubwa wa mwenye kuyasema. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2012 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, ukautangaza vivyo hivyo mwaka 2025, na mara zote mbili ujumbe ulikuwa kwamba ushirika hujenga ulimwengu ulio bora. Ushirika wa dunia nzima una haki ya kuutaja ulimwengu. Kikundi cha watu 15 kinachokutana nyuma ya ghala kitaje lile kilicho na uwezo nalo.

Kwa sababu hiyo ni vema kikundi kianze na jina tu, na mwito ungoje miezi mitatu. Katika miezi hiyo liwepo daftari moja lenye safu tano: tarehe, aliyempeleka mteja, aliyepelekewa, kazi iliyotakiwa, na matokeo yake. Safu ya tano ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa humo huandikwa kama kazi ilimalizika, kama ilicheleweshwa, na kama mteja alirudi na malalamiko. Baada ya miezi mitatu daftari lisomwe mbele ya wanachama wote. Tuseme wateja 40 walipelekwa, 31 wakahudumiwa vizuri, 6 wakacheleweshwa, na 3 wakalalamika nao hawakupata jibu. Kikundi hicho hakiwezi kuandika "Uaminifu Daima". Kinaweza kuandika, kwa mfano, "Tukikupeleka, Twajibika", ikiwa kitawafuata kwanza wale watatu na kuwajibu. Mwito huo utakuwa na kazi ya kufanya kila juma, na kila mwanachama atajua siku aliyouvunja.

UTARATIBU WA KUCHAGUA

Utaratibu unaopendekezwa kwa makatibu watakaoombwa ushauri ni huu ufuatao.

Kwanza, kabla ya jina lolote kutajwa, wanachama waandike sentensi moja isemayo wao ni nani, wanapeana nini, na nani aweza kujiunga. Wakishindwa kukubaliana juu ya sentensi hiyo, hawana ugomvi wa jina. Wana ugomvi wa kikundi chenyewe, nao utatuliwe kwanza.

Pili, kila mwanachama apendekeze jina moja kwa karatasi isiyo na sahihi yake, na asiyejua kuandika amnong'oneze mtu anayemwamini. Karatasi hizo zisomwe bila kutaja mwenyewe, ili jina la mwenyekiti lisipate kura kwa sababu ya cheo chake, na la mama muuza mboga lisipuuzwe kwa sababu ya meza yake.

Tatu, majina yote yapitishwe katika maswali manne: Je, linaazima heshima ya mwingine? Je, linaahidi tusichoweza? Je, linamfungia mlango mtu ambaye masharti yanamruhusu? Je, linatamkika na kutofautika? Jina lililoshindwa swali moja liondolewe, hata kama linapendeza.

Nne, majina mawili au matatu yaliyobaki yatumike kwa mdomo kwa wiki mbili, sokoni na katika simu. Muhuri, kibao na fulana zisubiri. Gharama ya kubadili jina lililo kinywani ni ndogo. Gharama ya kubadili jina lililokwisha chapishwa huliwa na michango ya wanachama.

Tano, kura ipigwe katika mkutano wa wanachama wote, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu pamoja na sababu zake. Sababu ni muhimu kwa wale watakaojiunga miaka kumi baadaye na kutaka kujua kwa nini wanaitwa wanavyoitwa.

Sita, miezi mitatu ikiisha, daftari lisomwe na mwito uchaguliwe. Na kila mwaka, siku ya kusoma hesabu, mwito nao uwekwe katika ajenda kama hesabu nyingine. Wanachama waulizwe kama umetimizwa, kwa ushahidi wa safu ya tano. Usipotimizwa miaka miwili mfululizo, ama mwenendo ubadilishwe, ama maneno yafutwe ukutani.

Ndugu wajumbe, wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapo watakaouliza basi jina na mwito ni vya nini, kama kazi nzuri yajiuza yenyewe. Jibu ni kwamba hata kazi iliyo njema mteja huifikia kwa kuelekezwa, na mtu aelekezapo hutaja jina. Mteja asiyeridhika naye hulitaja jina lile lile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Makatibu wa vyama vya msingi watakaporudi katika vituo vyao wavitembelee vikundi vilivyo jirani nao, wasome vibao vyao, na pale watakapokuta jina la chama limeazimwa, wamwandikie mwenyekiti wa kikundi barua ya upole yenye tarehe ya mwisho ya kuliondoa, na nakala yake wamletee Afisa Ushirika wa wilaya.